Yai Zima au Ute wa Boksi? Kabla Hujalipa, Uliza Kiini Kimeenda Wapi

Msomaji wangu mmoja anayeishi Ohio, mjamzito wa mara ya kwanza, ameniandikia akilalamika kwamba kimanda chake siku hizi hakina ladha wala hakimshibishi. Anataka kujua boksi lipi la mayai ya kumimina, yaani ute usio na kiini, ni bora kuliko analotumia. Nilipomuuliza kwa nini aliacha mayai ya kawaida, akasema mwenzake wa kazini alimwambia kiini kinaziba mishipa ya moyo. Nyumbani Tanzania bibi yake alikuwa akimkataza mayai asije akazaa mtoto kipara. Mwanamke huyo huyo amenyimwa yai mara mbili, kule kwa mwiko na huku kwa lebo, na wasomaji wengi walioko Marekani wananiandikia habari zinazofanana na hiyo.

Sitawachosha na protini. Kila boksi limeiandika kwa herufi kubwa, na ute peke yake unayo ya kutosha. Nataka kuzungumzia kitu ambacho hakuna anayekitafuta dukani: kolini.

Kolini ni kirutubisho kinachojenga kuta za seli na kusaidia ubongo wa mtoto kukua tangu yuko tumboni. Tangu mwaka 1998 Marekani ina kiwango chake kinachopendekezwa kwa siku: miligramu 425 kwa mwanamke, 450 akiwa mjamzito, 550 akinyonyesha. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa watoto cha huko kiliitaja kati ya virutubisho ambavyo ubongo wa mtoto mchanga hauwezi kuvikosa. Yai moja kubwa lina miligramu 147 hivi, na karibu zote zimo kwenye kiini. Mjamzito akila mawili asubuhi amekaribia theluthi mbili ya mahitaji yake ya siku nzima. Akinywa chai na kimanda cha ute mtupu, hajapata karibu chochote. Vidonge vingi vya wajawazito navyo vina kolini kidogo au havina kabisa, kwa hiyo asidhani pengo limezibwa.

Kinachoniuma ni kwamba sheria ya lebo haimlazimishi mtengenezaji kuandika kiasi cha kolini. Mbele ya boksi wanaandika "kolesteroli 0", na mnunuzi haambiwi ni nini kingine kimeshuka pamoja nayo. Luteini, kirutubisho cha macho, imeondoka. Vitamini A na D zilizokuwa kwenye kiini zimeondoka pia, ila kama kiwanda kimezirudisha chenyewe.

Hofu hii ina historia. Mwaka 1968 chama cha moyo cha Marekani kiliwashauri watu wasizidishe viini vitatu kwa wiki, na mwaka 1972 boksi la ute wa kumimina liitwalo Egg Beaters likaingia sokoni kuwahudumia walioogopa. Lakini mwongozo wa lishe wa serikali wa 2015 uliondoa ile kanuni ya miligramu 300 za kolesteroli kwa siku, na mwaka 2019 chama kile kile cha moyo kilisema mtu mwenye afya anaweza kula yai zima moja kila siku. Yai lina gramu 1.6 tu za mafuta yale yanayopandisha kolesteroli mbaya. Kijiko kikubwa cha siagi unayolikaangia kina gramu 7. Tazameni kikaango kabla ya kulilaumu yai.

Sasa niyapange, kuanzia lililo bora. Nafasi ya kwanza: yai zima. Hapa sifichi upendeleo wangu: nanunua Vital Farms, ya kuku wanaoachiwa malishoni. Kiini chake ni cha rangi ya chungwa, kizito, kinasimama ukilipasua yai kwenye bakuli, na ladha inanirudishia mayai ya kienyeji. Kwenye boksi wameandika jina la shamba yalikotoka, na unaweza kulitafuta ulione. Bei mara nyingi ni maradufu ya mayai ya kawaida. Mayai ya bei nafuu? Kwa kolini hayapishani sana na haya, chukua bila wasiwasi.

Cha kuangalia ni tarakimu tatu zilizopigwa ubavuni mwa boksi lenye muhuri wa daraja wa serikali. Ni siku ya mwaka mayai yalipofungwa: 001 ni Januari mosi, 365 ni Desemba 31. Chukua boksi lenye siku ya karibuni zaidi, hata kama limewekwa nyuma kabisa ya friji. Na wewe mjamzito, pika mpaka kiini kigande. Kiini cha majimaji kiache kwanza.

Nafasi ya pili: yai zima moja likiongezwa ute wa boksi. Hii ni ya mwenye kisukari au mwenye kolesteroli mbaya iliyopanda, kwa makubaliano na daktari wake. Nunua boksi ambalo orodha ya viungo ina neno moja tu, ute wa mayai. Umeshapashwa moto kuua vijidudu, na huo ni uzuri wake. Ila usijaribu kuupigia mkate wa mayai wa Idi. Moto ule umeudhoofisha, haufuri vizuri.

Nafasi ya tatu: Egg Beaters na ndugu zake. Ni ute uliotiwa rangi ya manjano, chumvi, unga wa kitunguu na gundi za kuufanya uwe mzito. Vitamini kadhaa wamezirudisha. Mwenye mzio wa mayai asiguse, maana hili bado ni yai.

Nafasi ya nne: chupa ya Just Egg. Hii haina yai kabisa. Ni protini ya choroko, zile zile tunazopika na nazi, ikachanganywa na mafuta ya kanola. Kwa mwenye mzio ni msaada wa kweli. Kwa mwenye presha, asome sehemu ya sodiamu: vijiko vitatu vimewahi kuandikwa miligramu 170, wakati yai zima lina 71 hivi. Unga wa wanga unaouzwa kama mbadala wa yai ni wa kuokea tu.

Na hapa niseme na wauzaji. Machi 2025, homa ya ndege ilipoua mamilioni ya kuku, dazeni ilifika wastani wa dola 6.23. Tulilipa, tukaelewa. Nisichokielewa ni "bila homoni" kuandikwa kwenye boksi kama sifa ya kulipiwa, ilhali homoni zimepigwa marufuku kwa kuku wote Marekani. "Yai la asili" nalo ni yai gani ambalo si la asili? Na kile kiini mlichotutolea kwa ajili ya afya yetu hakitupwi. Kinauzwa kwa viwanda vya mayonezi na aiskrimu, kisha tunakinunua tena huko kikiwa na sukari na mafuta.