Matembezi ya siku mbili Nairobi na wageni kutoka Muheza: uzoefu wangu

Kama unaleta ndugu zako Nairobi kwa mara ya kwanza, hasa watu wanaotaka kuelezwa mambo kwa Kiswahili, tafuta mtembezaji anayeanza kwa kuwauliza wamesikia nini kuhusu jiji hili. Mimi nilimpata wa aina hiyo mwezi wa Julai. Nilimkabidhi mama mkwe, wifi yangu na mtoto wake wa miaka tisa, nami nikaandamana nao, na nimeridhika sana. Kampuni yake sitaitaja kwa jina. Nina malalamiko kuhusu gari lao, nayo ni kampuni ndogo ambayo ningependa iendelee kuwepo.

Wageni wangu ni watu wa Muheza, mkoa wa Tanga. Nairobi walikuwa wakiijua kwa majina yake ya sifa tu. Wifi alikuwa amesoma kwamba ni "jiji la kijani kwenye jua", sifa ambayo watu wa utalii wameitangaza kwa miaka mingi. Mama mkwe tangu usichana wake alisikia kwamba Nairobi ni shamba la mawe. Mtoto aliambiwa na wenzake shuleni kuwa ni mji wa simba. Basi kila mmoja alifunga mzigo kufuatana na alichosikia. Wifi alileta madera mepesi, miwani ya jua, mafuta ya kukinga ngozi na kandambili. Mama mkwe alishuka kwenye basi na mchele, nazi, mkungu wa ndizi mbichi na papa mkavu, kwa sababu mwanawe na mkwewe wanaoishi kwenye mawe, jamani, wanakula nini? Mtoto alikuwa na filimbi shingoni. Tulipomuuliza ya nini, akasema ni ya kufukuzia simba pale stendi.

Nilicheka mpaka machozi, lakini mtembezaji hakucheka, na hapo ndipo alipoanza kunipendeza. Alifika nyumbani asubuhi, akamwendea mama mkwe moja kwa moja: "Shikamoo, mama." Halafu akaketi, akamsikiliza kila mmoja hadi mwisho, akaandika kwenye kijidaftari. Alipomaliza alibadilisha ratiba yote tuliyokuwa tumekubaliana kwa simu, akaniomba ruhusa, nikampa.

Kituo cha kwanza kikawa soko la Toi, kununua majaketi ya mitumba. Wifi alikuwa amejifunga kanga mbili juu ya dera na bado anatetemeka. Alikuwa na swali zuri kabisa: mji uko karibu na ikweta, jina lake lina jua ndani yake, baridi hii inatoka wapi? Mtembezaji akamweleza njiani bila haraka. Nairobi iko karibu na ikweta kuliko hata Tanga, lakini Tanga iko ufukweni na Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua nyuzi sita hivi, kwa hiyo mtu anayetoka pwani hadi huku ameacha nyuzi kumi na zaidi nyuma yake. Julai ndiyo katikati ya msimu wa baridi. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 12 au chini kidogo, na mchana wingu linaweza kutanda kutwa nzima. Jua la kwenye sifa ile lipo kweli, akasema, ila mwenye kulitaka aje Januari au Februari.

Pale Toi wifi alipata jaketi zito la kijani kwa bei aliyoipigania kwelikweli. Mama mkwe hakutaka jaketi, alitaka sweta la kuvaa ndani ya baibui, na kijana mwenye kibanda alilipekua rundo lake lote hadi akalipata. Huduma ya kuwapeleka wageni mitumba haimo kwenye orodha ya kampuni yoyote ya matembezi niliyopata kuiona. Ingefaa iwemo, kuanzia Juni hadi Agosti.

Kutoka hapo tukashuka mjini hadi Marikiti. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa yangu iliporudi. Mtembezaji alikuwa amemsikia mama mkwe akieleza habari ya shamba la mawe, na badala ya kumbishia alimpeleka kwenye soko ambako shehena za vyakula hushushwa tangu alfajiri. Akamwonyesha viazi vya Nyandarua, mchele wa Mwea, nazi zilizopanda kutoka Pwani. Mama mkwe alikuwa akitazama tu, hajashawishika. Kisha tukafika upande wa matunda, na mbele yetu kukawa na lundo la machungwa yenye ganda la kijani.

"Haya yametoka wapi?" akauliza.

"Tanzania, mama," akajibu mwenye machungwa.

"Tanzania wapi?"

"Muheza."

Mama mkwe aliketi juu ya kreti tupu. Akaomba kisu, akamenya chungwa moja, akala, akanyamaza. Akauliza bei. Alipoambiwa, akaanza kuhesabu kwa vidole, na uso ukabadilika. Anawajua wakulima hao, ni majirani zake, na anajua mnunuzi akija shambani anawapa ngapi. Alimuuliza yule mama muuzaji juu ya usafiri, ushuru, mpakani, yanayooza njiani, nani anamlipa nani. Muuzaji alimjibu kila kitu kwa subira, na mwisho wao wawili wakakubaliana kwamba anayenufaika zaidi si mkulima wala muuza rejareja. Mazungumzo yalikuwa marefu. Mtembezaji angeweza kutukimbiza, ratiba ilikuwa imebana, lakini alisimama pembeni akamshika mtoto mkono asipotee kati ya mikokoteni, akaacha mazungumzo yaishe yenyewe. Mtembezaji wa kukariri tarehe za majengo nitampata popote, lakini anayejua wakati wa kunyamaza ni adimu, na kwa huyo niko tayari kulipa zaidi.

Tulipokuwa tukitoka, ndipo alipomfafanulia mama mkwe maana ya usemi wenyewe. Mji huu hauna mti wa kuchuma bure. Sukuma wiki unanunua, maji unanunua, na aliyekuja bila kazi hana shina la kujishikiza. Akaongeza kwamba mawe halisi nayo yapo: kule Ndarugo, upande wa Juja, watu hukata mawe ya kijivu kutwa, na ndiyo yaliyojenga sehemu kubwa ya nyumba anazoziona. Mama mkwe akasema, "Kumbe hata mawe yanavunwa." Tangu siku hiyo ameacha kunihurumia kuhusu chakula, ingawa papa mkavu tulimla wote.

Zamu ya mtoto ilifika kwenye makumbusho ya reli. Hapo lipo behewa ambalo mwezi wa Juni 1900, katika kituo cha Kima, simba aliingia usiku na kumchukua Charles Ryall, ofisa wa polisi aliyekuwa amekwenda kumwinda simba huyo huyo na akapitiwa na usingizi. Mtoto alilizunguka behewa lile, akapima dirisha kwa mikono, akauliza simba alipita wapi. Niliogopa hataweza kulala usiku. Alilala vizuri, ila filimbi hakuivua.

Jengo la KICC, lile jumba refu la mikutano katikati ya mji, tulilipanda haraka. Siku isiyo na wingu unaweza kuuona Mlima Kenya upande mmoja na Kilimanjaro upande mwingine. Sisi tuliona wingu. Kama unakuja Julai, pesa ya kupanda huko itumie kwa chai na mandazi.

Siku ya pili ilikuwa ya kijani, na mtembezaji alisema jambo ambalo hata mimi, mkazi wa hapa, sikuwa nimelifikiria hivyo. Wageni hudhani jiji la kijani maana yake ni kwamba watu walikuta msitu wakajenga ndani yake. Kwa sehemu ya katikati ya mji haikuwa hivyo. Reli ilifika mwaka 1899 kwenye tambarare ya nyasi na tope, mahali pa kupumzikia kabla ya kuukabili mwinuko wa kuelekea Bonde la Ufa. Miti mingi ya mitaani ilipandwa. Bustani ya Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ipi ingeota vizuri, kwa kuwa injini za reli zilihitaji kuni. Mijakaranda, ambayo wageni wa mwezi wa Oktoba huipiga picha wakidhani ndiyo Afrika yenyewe, asili yake ni Amerika Kusini.

Na penye msitu wa kweli, kilichoubakiza ni watu. Tukiwa njiani alituonyesha bustani ya Uhuru Park na kutueleza jinsi Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, alivyopinga jengo la ghorofa 60 lililotaka kusimamishwa humo mwaka 1989. Kisha tukaingia Karura, hekta zaidi ya 1,000 za miti ndani ya jiji, na tukiwa chini ya kivuli akatusimulia Januari 1999: viwanja vya msitu vimegawiwa watu, Wangari na wenzake wanakwenda na miche ya kupanda, wanapigwa na walinzi, yeye anatoka na damu kichwani. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wifi, aliyekuwa amekasirikia jina la "kijani kwenye jua" tangu aliposhuka kwenye basi, alisimama kwenye maporomoko ya maji akasema hakujua kwamba mti wa mjini unaweza kumtoa mtu damu. Mimi napenda wageni wetu wote walipate simulizi hili pale pale Karura, maana tukiwapa mabango peke yake watarudi kwao na picha za miti bila kujua kwa nini bado imesimama.

Mbuga ya taifa ndiyo iliyokuwa shabaha ya mtoto. Ilianzishwa mwaka 1946, ina ukubwa wa kilomita za mraba 117, na kutoka katikati ya mji ni kilomita saba tu. Alitegemea simba barabarani. Mtembezaji alimweleza kwamba uzio uko pande tatu na kusini kumeachwa wazi ili wanyama waweze kwenda na kurudi kwenye nyika za Kitengela. Hakumficha pia kwamba mwaka 2016 simba waliwahi kutoka, na mmoja akaonekana hadi Barabara ya Mombasa. Mtoto alinitazama kama wakili aliyeshinda kesi. Simba tulimwona mmoja, kwa mbali, amelala. Twiga, vifaru na nyati tuliwaona karibu. Tembo alimtafuta sana mpaka akaambiwa mbugani humo hawaishi.

Lakini wanyama waliomshangaza kupita wote hawakuwa mbugani. Ni wale ndege wakubwa wenye upara wanaosimama juu ya miti karibu na uwanja wa Nyayo. "Anko, hawa nani anawafuga?" akamuuliza mtembezaji. Akaambiwa hakuna, wamehamia mjini wenyewe kwa ajili ya takataka. Alisikitika kwamba hawana mwenyewe, akataka kuwapa mkate.

Sasa malalamiko. Dirisha la nyuma la gari halifungi hadi juu, na Julai hilo ni kosa kubwa kwa mtu mzima aliyetoka pwani. Mama mkwe alikaa na kanga kichwani siku zote mbili. Siku ya pili gari lilichelewa kuja kutuchukua, kisha foleni ya Lang'ata ikala saa yetu iliyobaki, na kituo cha twiga tukakipitia mbio, mtoto akalisha twiga mmoja tu. Nililipa bei kamili na sikupunguziwa chochote. Tena karatasi zao za maelezo zote ni za Kiingereza. Kampuni yenye mtembezaji anayesimulia kwa Kiswahili kitamu namna ile inakosaje karatasi ya Kiswahili ya kumpa mama mkwe arudi nayo Muheza? Niliwaambia, wakasema watalifanyia kazi. Ninasubiri.

Kwa atakayekuja na wageni wa Tanzania: wabebe pasi au vitambulisho vyao hadi kwenye lango la mbuga, kwa sababu raia wa Afrika Mashariki hawalipi sawa na watalii wa mbali, lakini lazima wathibitishe. Malipo ni ya mtandaoni, si ya noti mkononi, kwa hiyo mwenyeji ayafanye mapema kwa simu yake. Wavae viatu vya kufunika vidole kwa ajili ya Karura. Na kama kati yao kuna mkulima, omba Marikiti iwekwe asubuhi na mapema, na baada yake usipange kitu chochote chenye saa maalumu.