Letterboxd kwa shabiki wa muigizaji anayepanda: mimi namfuatilia nayo Mikey Madison

Kama una muigizaji wako unayempenda na unataka kujua kafanya nini tangu anaanza mpaka leo, fungua akaunti Letterboxd, ya bure tu inatosha, na nitaeleza kwa nini kwa kumtumia Mikey Madison, muigizaji wa Marekani, maana ndiye ninayemfuatilia, na kwa kumfuatilia yeye ndo nimeona hii aplikesheni ina nguvu wapi na inapungukiwa wapi.

Kwa wasioijua, hili ni daftari la muvi. Unaweka umeangalia nini na lini, unatoa nyota kuanzia nusu mpaka tano, ukitaka unaandika rivyu, unatengeneza listi zako, na kuna sehemu ya kuhifadhi muvi ulizopanga kuziangalia baadae. Ilianzia Auckland, New Zealand, 2011, waanzilishi ni Matthew Buchanan na Karl von Randow, halafu 2023 kampuni ya Tiny ya Canada ikanunua asilimia 60. Taarifa za muvi na waigizaji wanazitoa TMDB, hifadhi ya taarifa za muvi ya mtandaoni, ambako watu wa kujitolea ndo wanajaza.

Sasa utamu wenyewe uko kwenye ukurasa wa muigizaji. Ukibonyeza jina lake zinakuja posta za muvi zake, na kama umeingia na akaunti yako inakuonyesha umeshaangalia ngapi kati ya ngapi na ni asilimia ngapi. Usiziache zikae kwa umaarufu. Zipange kwa tarehe ya kutoka, za zamani zije mwanzo, ndo utaona safari ya mtu. Kwa umaarufu unakutana na Anora pale juu na unabaki kuamini huyu dada kaibuka tu ghafla 2024, akachukua Oscar ya muigizaji bora wa kike Machi 2025 akiwa na miaka 25, basi, bahati. Ukizipanga kwa tarehe hiyo habari ya bahati inakufa yenyewe.

Mfano Once Upon a Time in Hollywood ya 2019. Pale anacheza Sadie, mmoja wa kundi la wauaji la Charles Manson, na muda anaoonekana ni mfupi mno. Lakini rudia ile sini ya usiku kwenye gari, wenzake wana wasiwasi na hawaelewi wafanye nini, yeye anaanza kuwaambia kwamba wote wamekulia kwenye televisheni, na televisheni imejaa mauaji, kwa hiyo twendeni tukawaue hao hao waliotufundisha kuua. Anavyoliongea! Amechangamka kama mtu aliyepata wazo zuri la biashara, sauti inapanda kidogo kidogo, na kila neno linaloongezeka wewe unazidi kuogopa. Kwenye muvi yenye Brad Pitt na DiCaprio mimi nilibaki kumuangalia yeye.

Halafu kuna Scream ya 2022, anacheza Amber, na siongezi neno maana kuna watu hawajaiona. Ila jua kwamba Sean Baker, dairekta wa Anora, ambaye tayari alishamuona kwenye ile ya 2019, alienda kuiangalia Scream sinema na akiwa na mke wake Samantha Quan, ambaye pia ni prodyuza, wakakubaliana kwamba huyu ndo wampigie wakala wake simu. Hapo ndo mwanzo wa Anora. Kwahiyo zile posta mbili ndogo unazozipita ukiwa unaskroli ndo zilizompa kazi kubwa, na ukiziangalia kwa mpangilio unaona kabisa Baker aliona nini, ile hali ya kuwa mtulivu sekunde hii na sekunde inayofuata nyumba nzima inatetemeka. Kwenye Anora hali hiyo ameipanua, angalia ile sini ya kuvamiwa nyumbani, anapiga teke, anauma, anapiga kelele mpaka wanaume wazima wanachanganyikiwa, na bado katikati ya vurugu unaona usoni kwamba anaogopa. Alijifunza Kirusi kwa ajili ya hiyo kazi, na kucheza kwenye nguzo pia. Muvi ya bajeti ya dola milioni 6, ikachukua Palme d'Or, tuzo kubwa ya tamasha la filamu la Cannes, 2024 na Oscar 5.

Na katikati ya Scream na Anora kuna All Souls ya 2023, anacheza mama mdogo anayetumiwa na polisi kama mtoa taarifa. Walioiona ni wachache sana ukilinganisha na hizo nyingine, na bila huu ukurasa nisingejua hata kama ipo. Hilo peke yake kwangu linatosha kuipa aplikesheni alama za juu, kwa sababu mitandao mingine itakuonyesha kavaa nini kwenye zulia jekundu na yuko na nani, kazi yenyewe huambiwi.

Kitu kingine kizuri, bonyeza orodha ya waigizaji wa muvi moja ikupeleke kwa wengine. Once Upon a Time in Hollywood hiyo hiyo ina Margaret Qualley, Maya Hawke, Sydney Sweeney, wote kwenye vipande vidogo, na angalia wako wapi sasa hivi. Unaweza kutoka kwa staa mmoja ukajikuta una wanne wa kuwafuatilia.

Sasa kasoro, na kwa shabiki wa muigizaji ni kasoro kubwa. Letterboxd ni ya muvi, tamthilia za misimu hazimo, wameruhusu baadhi ya zile fupi za msimu mmoja tu. Mikey amekulia kwenye tamthilia! Better Things, ya chaneli ya FX ya Marekani, kuanzia 2016 mpaka 2022, misimu mitano, alikuwa Max, binti mkubwa wa yule mama anayechezwa na Pamela Adlon. Tumemuona pale akikua kutoka kabinti kanakogombana na mama yake kila siku mpaka mtu mzima, na ule ugomvi wa jikoni na kwenye gari ndo shule yake ya uigizaji. Kwenye ukurasa wake hiyo miaka yote ni kama haipo. Mtu anaweza kufikisha asilimia mia ya Mikey Madison bila kuona hata dakika moja ya kazi aliyoifanya kwa muda mrefu kuliko zote. Ninachofanya ni kutengeneza listi ya muvi zake kwa mpangilio, halafu kwenye maelezo ya listi naandika msimu upi wa Better Things unakaa wapi. Inasaidia, ila ni kazi ya mikono.

Rivyu nazo zisome ukishamaliza muvi. Mwandishi anaweza kuficha yenye kumwaga uhondo lakini si wote wanakumbuka, na zinazopata laiki nyingi mara nyingi ni za mstari mmoja wa kuchekesha. Ukitaka uchambuzi shuka chini, wapo watu wanaandika vizuri sana kuhusu uigizaji tu, wafollow hao.

Ya kulipia inaondoa matangazo na kukupa takwimu zako, ikiwemo waigizaji uliowaangalia zaidi. Mashabiki wataipenda, ila anza na ya bure.

Nyota nne na nusu kutoka kwangu, hiyo nusu wataipata siku wakiweka tamthilia. Na kama mnampenda Mikey kama mimi, hifadhini The Social Reckoning ya Aaron Sorkin mapema, imetangazwa kutoka Oktoba 2026 na humo anacheza Frances Haugen, yule aliyetoa nyaraka za ndani za Facebook.