Difu ya sahani na krauni ya 4.3: uzoefu wangu kwenye sakiti, dragi na drifti

Gari langu ni jepesi, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na lilikuja na difu ya kawaida, yaani gia za ekseli zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili ya nyuma. Ukikanyaga mafuta mapema kwenye kona kali, tairi la ndani hupungukiwa uzito, huzunguka bure na kutoa moshi, gari haliendi. Ndipo nikafunga difu ya sahani za klachi, ile ya njia moja na nusu: inakaza sana (inayafunga magurudumu mawili yazunguke pamoja) ukikanyaga mafuta, inakaza kidogo tu ukiachia.

Kwenye sakiti, njia ya mbio ya kuzunguka, sina neno. Nakanyaga mapema zaidi na magurudumu yote mawili yanasukuma. Kinachotaka subira ni mkazo wa awali, yaani jinsi sahani zinavyobanwa hata kabla hujakanyaga mafuta. Ulipowekwa juu, gari liligoma kuingia kona za polepole, pua ikatoka nje hata nikikata usukani zaidi. Fundi akabadilisha shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kurekebisha mkazo huo), akaupunguza, likatii. Kwa dragi, mbio fupi za mstari ulionyooka, difu hii inatosha kabisa. Kwa drifti, yaani kuendesha gari likiteleza kiubavu, ningechukua ya njia mbili, inayokaza sawasawa hata ukiachia mafuta. Hii yangu hulegea pale pale unapotaka mtelezo uendelee.

Krauni, gia kubwa ya difu inayozungushwa na gia ndogo iitwayo pinyoni, nayo ni habari nyingine. Nilitoa ya 4.1 (meno 41 kwa pinyoni ya meno 10), nikaweka ya 4.3. Kila gia sasa inaishia kwenye kasi pungufu kwa karibu asilimia 5, ila gari linachomoka. Njia ya kona fupi fupi, raha tupu. Kwenye mstari mrefu gia ya mwisho inafika kikomo cha mizunguko kabla sijafika pa kushika breki, nabaki kusikiliza injini ikilalama huku wenzangu wakinipita. Kwenye dragi ndiyo ilinikera zaidi: inanilazimisha kubadili gia hatua chache kabla ya kumaliza, na muda niliouokoa mwanzoni unaliwa hapo. Kwa mashindano hayo narudisha 4.1.

Ukigeuza taratibu kwenye maegesho difu hugonga. Si ubovu, ni sahani zinashikana na kuachiana. Tumia oili iliyotengenezewa difu za sahani. Zoesha sahani kwa kuzungusha gari namba nane polepole, kisha mwaga oili hiyo, maana hutoka nyeusi ikiwa na unga wa chuma.

Difu naipa nyota nne. Krauni tatu, nne kama mbio zako zote ni za kona fupi.