Una mazabodi ya AM4? Hizi ndo prosesa za kununua kwa ajili ya gemu, kuanzia ya kwanza mpaka za kuachana nazo

Wakuu, kama desktopu yako bado ina Ryzen 5 1600 au 2600, au zile Ryzen 3 za 2200G na 3200G, na kila unayemuuliza anakwambia uza zote uanze upya, tulia kwanza. Ryzen ni prosesa za AMD, na AM4 ni jina la soketi yake, yaani tundu la prosesa kwenye mazabodi. Ryzen za AM4 zilianza kutoka 2017 na AMD wakaendelea kuleta prosesa mpya za soketi hiyohiyo mpaka 2025, kwa hiyo unachomoa ya zamani unaweka mpya, mazabodi inabaki, RAM za DDR4 zinabaki, pawa saplai inabaki. Na hili la RAM kubaki ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, maana tangu mwisho wa 2025 bei za RAM zimepaa sana baada ya viwanda kupeleka chipu zao kwenye seva za AI, so anayehamia DDR5 saa hizi analipia prosesa, mazabodi na RAM mpya kwa mpigo, wakati wewe unatakiwa kulipia kitu kimoja tu.

Ila kabla hujatoa hela hakikisha tatizo ni prosesa kweli. Weka MSI Afterburner, ni ya bure, washa ikuonyeshe matumizi ya GPU (chipu ya kadi ya grafiksi) juu ya skrini ukiwa ndani ya gemu lako unalolicheza kila siku. Kama GPU iko 97 mpaka 99 asilimia muda wote basi prosesa haina kosa, kadi ndo imefika mwisho, weka hela yako ikusubiri ununue kadi. Kama GPU inacheza kwenye 50 au 60 huku fremu zinaruka na gemu linakwama-kwama kila ukigeuza kamera, hapo ndo kwenyewe. Njia nyingine, shusha rezolusheni kutoka 1080p mpaka 720p, fremu zikibaki palepale prosesa ndo inayokubana. Angalia pia kama una kijiti kimoja cha RAM au viwili, na kama XMP imewashwa (mpangilio unaoiruhusu RAM ikimbie kasi yake kamili), kuna watu wengi wana RAM ya 3200 inayotembea 2133 miaka yote kwa sababu hakuna aliyeingia BIOS (programu ya mipangilio ya mazabodi) kuiwasha, na Ryzen zinaumia sana na RAM ya polepole.

Sasa kitu ambacho naomba ukishike kuliko vyote. Ukienda dukani, iwe Kariakoo au Moi Avenue Nairobi au kwenye oda za China, utatajiwa kore na GHz tu, hii kore 8 hii kore 6 hii 4.6, hakuna atakayekutajia kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa yenyewe, na kwenye gemu kashe ndo kila kitu. Gemu linauliza vitu vilevile mara kwa mara, adui yuko wapi, risasi imepita wapi, ukuta uko wapi, na kama data hiyo haiko kwenye kashe prosesa inabidi iifuate kwenye RAM, na RAM ni mbali, kwa hiyo kore zako zote nane zinakaa zinasubiri. Ryzen 5 2600 ina kashe ya L3 (ile kubwa kuliko zote) ya 16MB na hata hiyo imegawanywa vipande viwili vya 8MB, 3600 ina 32MB ila nayo imekatwa 16 kwa 16. Ryzen 5000 zilipokuja mwisho wa 2020 waliunganisha 32MB zote zikawa kitu kimoja kinachofikiwa na kore zote, na ndo maana 5600 yenye kore 6 inaiacha mbali 2600 yenye kore 6 hizohizo.

Namba 1 kwa watu wengi ni Ryzen 5 5600. Kore 6, thredi 12 (yaani kazi 12 kwa wakati mmoja), inafika 4.4GHz, kashe 32MB, wati 65, na ukinunua ya boksi inakuja na feni yake ya Wraith Stealth. Ilitoka 2022 kwa dola 199 na tangu hapo bei imeshuka sana. Kwa mtu mwenye kadi ya daraja la RX 6600, RTX 3060 au RTX 4060 anayecheza Valorant, CS2, Fortnite, FC au GTA V kwenye 1080p, sioni kwa nini apite hapa. Ukikuta 5600X na 5600 zimewekwa pamoja chukua iliyo rahisi, tofauti ni 0.2GHz, haionekani kwa macho. Pawa saplai ya kawaida inaimudu, mazabodi ya B450 inaimudu, hata zile A320 za bei chee nyingi zinaimudu.

Namba 2 ni Ryzen 7 5700X3D, na kama bajeti inaruhusu kwako inakuwa namba 1. Hii ina kore 8 na kashe 96MB, yaani mara tatu ya 5600, wamebandika kashe nyingine juu ya chipu. Ilitoka Januari 2024 kwa dola 249, ndugu yake mkubwa 5800X3D alitoka 2022 kwa dola 449, na kwenye gemu wanakaribiana sana japo huyu mdogo anaishia 4.1GHz. Ukiwa mtu wa Assetto Corsa, Microsoft Flight Simulator, magemu ya kujenga miji, au mashindano ambayo fremu ni nyingi, hii inakupeleka miaka mingi mbele bila kugusa AM4 yako. Ubaya wake ni huu, mpya zimekuwa adimu, haiji na feni, na kwa sababu kashe imekaa juu ya chipu joto linapanda haraka, kwa hiyo tenga hela ya hitisinki (kipoza joto) ya mnara yenye feni ya sentimita 12, zipo nzuri za Thermalright za bei poa kabisa.

Namba 3, Ryzen 7 5700X. Kore 8, 32MB, wati 65. Kwenye gemu lenyewe haiizidi 5600 kwa kiasi cha kukufanya ujute, ila kama unastrimu, unahariri video, au una tabia ya kuacha Chrome na Discord vyote viko wazi, kore mbili za ziada zinafanya kazi. Nayo haina feni ndani ya boksi.

Halafu za kuachana nazo, na hapa ndo watu wanapigwa. Ryzen 7 5700 isiyo na X ni prosesa tofauti kabisa, ina kashe 16MB tu, na jina linafanana makusudi au bahati mbaya sijali, soma boksi herufi kwa herufi. Ryzen 5 5500 nayo ni 16MB na PCIe 3.0 (njia ya data kwenda kwenye kadi, toleo la zamani), kama mazabodi yako ni B450 hilo la PCIe halikuhusu kwa sababu bodi yenyewe ni 3.0, ila kashe inakuhusu, kwa hiyo inunue tu kama tofauti ya bei na 5600 ni kubwa kweli. 5600G ni nzuri kwa asiye na kadi ya grafiksi kabisa, mwenye kadi aiache. Na 5900X yenye kore 12 ni ya watu wa kazi, kwenye gemu unalipia kore ambazo zitakaa zimelala.

Kama hauna AM4, mfano una zile Dell OptiPlex au HP za maofisini zenye i5 ya jeneresheni ya 4 au ya 6, kwako kuna mambo mawili. La haraka ni kutafuta i7 ya jeneresheni ileile, i7-4770 kwa mwenye i5-4570, i7-6700 kwa mwenye i5-6500, unapata thredi 8 badala ya 4 kwa hela ndogo. Usikubali mtu akuuzie jeneresheni ya 8 eti soketi ni 1151 zote, haiwaki. La pili ni kuanza upya, na hapo mimi ningeenda i5-12400F na mazabodi ya DDR4, kore 6 thredi 12, baadaye unaweza kupanda humohumo. Jeneresheni ya 12 haimo kwenye lile tatizo la voltaji lililoharibu Intel za 13 na 14 mwaka 2024, hizo hasa i7 na i9 zilizotumika kuwa makini nazo, maana apdeti ya BIOS inazuia uharibifu mpya lakini iliyokwisha kuharibika haiponi. Mwenye hela zaidi aende Ryzen 5 7500F au 7600 kwenye AM5, AMD wameahidi kuihudumia soketi hiyo mpaka 2027 na kuendelea, ila bei ya DDR5 ipigie hesabu kwanza. Na kumbuka prosesa yoyote ya kati ya hizi yenye F mwishoni mwa jina, pamoja na hii 5600, haina grafiksi, bila kadi skrini inabaki nyeusi.

Kwenye kubadilisha, apdeti BIOS ukiwa bado na prosesa ya zamani ndani, ukisubiri mpaka uweke mpya haitawaka na utaanza kumlaumu muuzaji. Tumia UPS au azima, umeme ukikatika katikati ya apdeti mazabodi inaweza kufa palepale. Halafu kabla ya kufungua cheza gemu robo saa ili pesti iliyo kati ya prosesa na hitisinki ilainike, zima, chomoa waya, legeza hitisinki, izungushe taratibu kulia kushoto mpaka uisikie imeachia, ndo unainua. Ukiivuta ikiwa ya baridi prosesa ya AM4 inang'oka pamoja nayo huku soketi imefungwa, na pini 1331 ziko chini ya prosesa yenyewe, zinapinda. Ndo maana hata ukinunua iliyotumika igeuze, iinamishe kwenye mwanga wa simu uangalie mistari ya pini kwa upande, mstari wowote uliokatika au uliolala, rudisha.