TAHADHARI: Diski za "seva" zilizobandikwa lebo bandia zinauzwa Dar es Salaam

Ndugu mafundi wa TEHAMA na wamiliki wa biashara mlioko Dar es Salaam, naandika haya kwa sababu mwezi uliopita ofisi yetu, inayouza dawa kwa jumla, ilipoteza shilingi 1,920,000 pamoja na kumbukumbu za mauzo ya nusu siku. Muuzaji aliyetufikisha hapo bado anatafuta wateja katika makundi ya WhatsApp, akijitambulisha kuwa mwagizaji wa vifaa vya seva kutoka Dubai.

Hifadhidata yetu ya PostgreSQL ilikuwa nzito, hasa wakati wa kufunga hesabu za mwezi. Bila kuiona mashine wala kuuliza data ina ukubwa gani, muuzaji huyo alitueleza kwamba tatizo ni diski, akatuuzia SSD (diski za kielektroniki zisizo na sahani inayozunguka) nne zenye lebo ya GB 960, akisisitiza kwamba ni mpya, ni za daraja la seva, na zina kapasita za kulinda data umeme unapokatika. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyotushawishi. Kila muamala unapokamilika, hifadhidata huiamuru diski iuandike kikamilifu na kusubiri jibu. Diski yenye kapasita inaweza kujibu mara moja, kwa kuwa hata umeme ukikatika ina akiba ya nguvu ya kumalizia kuandika, ilhali diski ya kompyuta ya kawaida hulazimika kumaliza kwanza ndipo ijibu, na zipo zinazojibu kwamba zimemaliza kabla ya kumaliza.

Siku ya tano umeme ulikatika asubuhi, betri za UPS zikashindwa kuhimili, na hifadhidata ikakataa kuwaka. Tulirejesha chelezo ya usiku uliotangulia, kisha wenzangu wa mauzo wakaketi hadi usiku wakiingiza upya ankara moja baada ya nyingine kutoka kwenye karatasi.

Ndipo nilipozipima diski zile, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya fedha kutoka. Amri ya lsblk, inayoonyesha ukubwa wa diski kwa vipimo vya 1,024 badala ya 1,000, ilionyesha 931.5G, wakati diski ya GB 960 huonyesha takribani 894.3G. Hiyo 931.5G ni ukubwa wa diski ya GB 1,000, ambao umezoeleka zaidi kwenye diski za kompyuta za mezani. Programu ya smartctl, inayosoma taarifa ambazo diski hujiwekea yenyewe, ilitoa jina la modeli na namba ya utambulisho tofauti kabisa na zilizoandikwa kwenye lebo. Diski moja ilidai kuwa imewashwa kwa saa 9 tu, lakini rekodi yake ya data iliyoandikwa ilizidi terabaiti 200. Diski ya SATA huandika kwa kasi isiyozidi sana megabaiti 550 kwa sekunde, kwa hiyo kwa saa 9 haiwezi kufikisha hata terabaiti 20. Kaunta ya saa ilikuwa imerudishwa nyuma, na aliyeirudisha alisahau kaunta ya pili.

Mchezo huu haupo kwetu peke yetu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 iligundulika huko Ulaya kwamba diski za Seagate Exos zilizokwisha kutumika kwa makumi ya maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa kama mpya, kaunta zake za SMART (rekodi za matumizi na afya ya diski) zikiwa zimefutwa. Zilizowaumbua ni rekodi za ndani ziitwazo FARM, ambazo smartctl toleo la 7.4 na kuendelea huweza kuzisoma kwa diski za Seagate.

Kwa hiyo nenda dukani na kompyuta mpakato yako pamoja na kebo ya kuunganishia, usome diski mbele ya muuzaji, na ulinganishe modeli, namba ya utambulisho, saa na data iliyoandikwa. Wetu alisema kwamba kufungua pakiti kunaondoa dhamana. Mkisikia maneno hayo, ondokeni. Diski ya mtumba si kosa, mradi iuzwe kwa jina lake na kwa bei yake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huenda hatukuhitaji kununua diski hata kidogo. Data yetu ni GB 40 na seva ina RAM ya GB 16, ambamo data yote haitoshei, hivyo ripoti za mwisho wa mwezi zilikuwa zikisoma diski upya kila mara. Kuongeza RAM kungetusaidia zaidi, na iostat, programu ya kupima kazi inayofanywa na diski, ingetuonyesha hali hiyo kwa dakika chache.

Muuzaji hakutupatia risiti ya EFD, bali karatasi ya mkono isiyo na TIN, na sasa simu yake haipatikani kwa namba zetu. Tumetoa taarifa polisi na kwa Tume ya Ushindani, FCC, tukiwa na diski zote nne na picha za lebo zake. Kama nawe umeuziwa diski zinazoonyesha 931.5G chini ya lebo ya GB 960, usizitupe wala kuzirudisha kimya kimya. Zihifadhi pamoja na ujumbe wa malipo, kisha nawe utoe taarifa.