Mpangilio wa kibodi unaokula ritifaa ya ng'ombe

Haya jamani, karibuni. Bidhaa ya leo haina boksi la kufungua wala bei: ni ule mpangilio wa kibodi wa Windows, United States-International. É, ñ, ü, zote zipo, hayo mnayajua. Mimi nina ugomvi na kitufe kimoja tu.

Tazameni skrini, niko ndani ya VS Code, programu ya kuandikia msimbo. Naandika n, g, ritifaa... mnaona? Kimya. Nabonyeza o. Ngómbe! Ng'ang'ania je? Ngángánia! Lakini Ng'wandu, jina la Kisukuma, linatoka salama, kwa sababu w haiungani na ritifaa. Ndiyo maana watu wanadhani kibodi imeingiwa na wazimu, mara sawa, mara hovyo.

Kibodi yako ni nzima, haijaharibika. Ritifaa hapa inasubiri herufi inayofuata: ikija irabu zinaungana, ikija c unapata ç. Hata alama ya kufungua semi ni hivyo hivyo. Anza kuandika "umri" kwenye msimbo wako, inatoka ümri na programu inagoma. Njia halali ni ritifaa, spesi, halafu o. Kila ng'ombe! Nani ana muda huo?

Kabla hujagusa mipangilio ya VS Code, jaribu Notepad. Na huko ikitoka ngómbe, VS Code haina kosa. Angalia chini kulia: pameandikwa ENG INTL? Bonyeza kitufe cha Windows na spesi mpaka isomeke ENG US. Kwisha.

Mlioko Goma na Bujumbura mnaoandika Kifaransa, ibakizeni hiyo INTL, msikimbilie kununua kibodi ya Kifaransa ya AZERTY. Alt ya kulia na e inatoa é papo hapo. Ikigoma kwenye VS Code peke yake, hapo ndipo tuilaumu: Windows inaichukulia Alt ya kulia kama Ctrl+Alt, kwa hiyo kuna njia ya mkato imeiwahi. Bonyeza Ctrl+K kisha Ctrl+S ufungue orodha ya njia za mkato, tafuta ctrl+alt+e, iondoe.

Kwa Kikuyu, samahani, imefeli. Alama ya ~ kisha i inatoa ~i, siyo ĩ. Mpangilio wa jina hilo hilo kwenye Linux unaitoa vizuri tu, sijui Microsoft walishindwa nini.

Na wewe unayeona Ã© badala ya é, hiyo siyo kibodi. Faili lililohifadhiwa kwa UTF-8, mfumo mmoja wa kusimba herufi, limesomwa kwa mfumo mwingine, Windows-1252. Video yake inakuja Alhamisi. Kwa sasa usilihifadhi faili hilo likiwa hivyo.