Kukirudia kitabu cha Arthur Waley kuhusu Vita vya Kasumba

Kitabu cha Arthur Waley, mfasiri Mwingereza wa maandishi ya Kichina, kinachosimulia Vita vya Kasumba kati ya Uingereza na China kwa macho ya Wachina kilitoka mwaka 1958, nami nilikisoma mara ya kwanza nikiwa chuoni, kwa pupa ya mtu anayesaka tarehe za mtihani. Mwezi uliopita, baada ya kumaliza vitabu vingine viwili vya historia ya ukoloni wa Waingereza nchini China, niliichukua tena nakala ile ile, na sasa naamini kwamba zamani zile sikukisoma.

Vitabu vile viwili vinaeleza jinsi Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki ilivyosimamia kilimo cha kasumba huko Bengal na kuinadi Calcutta, wafanyabiashara binafsi wakaivusha hadi Guangzhou, bandari ya kusini mwa China, na mapato yake yakalipia chai. Bila maelezo hayo vita yenyewe haieleweki. Hata hivyo, humo Lin Zexu, kamishna aliyetumwa na Kaizari Daoguang kuikomesha biashara hiyo, anapita haraka mno: anafika, anaharibu masanduku zaidi ya 20,000 huko Humen, karibu na Guangzhou, mwezi Juni 1839, kisha manowari za Waingereza zinakuja.

Waley ameegemea shajara ya Lin mwenyewe, na hapo ndipo nilipokuta jambo lililoniponyoka kabisa ujanani: kabla kasumba ile haijachanganywa na chumvi na chokaa ikasukumwa baharini, Lin alimwandikia sala roho mlinzi wa bahari, akimsihi awaambie viumbe wa majini wasogee kando kwa muda wasije wakadhurika. Mtu huyo huyo ndiye aliyetunga barua kwa Malkia Victoria, akiamini kwamba kasumba imepigwa marufuku Uingereza, ilhali wakati huo ilikuwa ikiuzwa huko madukani bila kificho. Nilizisoma kurasa hizo mara tatu. Sisi wenyewe husema “kasumba ya kikoloni” tukimaanisha fikra zilizolewa utawala wa kigeni, na kwa miaka mingi nimelitamka neno hilo bila kukumbuka kwamba ni jina la kitu kilichopimwa, kikafungwa masandukuni na kupiganiwa kwa mizinga.

Kasoro zipo. Majina yameandikwa kwa tahajia ya zamani, kwa hiyo Lin Zexu ni Lin Tse-hsü, jambo linalomchosha anayetaka kulinganisha na vitabu vipya. Kwa upande wa London, hasa kura ya Bunge ya Aprili 1840 ya kuilaumu serikali kuhusu China, ambayo serikali iliponea kwa 271 dhidi ya 262, niliwategemea waandishi wengine.

Ninampendekezea msomaji mpya aanze na kitabu kinachoeleza biashara ya chai na kasumba, afike hadi Mkataba wa Nanjing wa 1842 ulioitoa Hong Kong kwa Uingereza na kufungua bandari tano za China, ndipo amfungue Waley, akiwa na ramani ya mlango wa Mto Lulu, ziliko Guangzhou na Humen, mezani.